Mnaoanza rangi za mafuta, nakilini Bacchus wa Caravaggio

Wengi wanaoanza rangi za mafuta wananiuliza wachore nini kwanza na jibu langu ni lilelile, chukua picha moja ya mtu iliyochorwa na mabingwa wa zamani uinakili mpaka uielewe. Mimi huwa nawapa Bacchus ya Caravaggio, mchoraji wa Italia wa zamani. Bacchus ni yule mungu wa mvinyo wa Warumi, na hapa ni kijana kajitanda shuka jeupe bega moja, kichwani majani ya mzabibu, mkononi glasi. Ilichorwa karibu mwaka 1597, ipo kwenye makumbusho ya Uffizi kule Florence, Italia, na picha yake safi unaipata bure mtandaoni.

Kwanza rangi. Ukiingia hadwea ukasema nataka rangi ya mafuta utapewa ya milango, na wachoraji wa Tingatinga wamefanya nayo makubwa, ila kwa kazi hii tunataka za tyubu, zile zinazokaa mbichi siku kadhaa ukaweza kuzilainisha. Usinunue tyubu ishirini. Nyeupe ya titani, oka ya njano, nyekundu ya kadmiamu, nyeusi na amba ya kahawia zinatosha, hata majani pale kichwani unayapata, nyeusi ukiichanganya na oka inatoa kijani fulani kimetulia vizuri sana.

Picha yenyewe ni sentimita 95 kwa 85, yani ukiigawa miraba ya sentimita 5 unapata 19 kwenda chini na 17 kwa upana bila kubaki kitu, na kama kanvasi yako ni nusu yake basi miraba iwe ya sentimita 2.5. Watu wanadharau gridi, yani hiyo miraba ya kunakilia kipande kwa kipande, wanasema ya watoto, jamani chora gridi, pua ikikaa siyo mahali pake hakuna rangi itakayoirudisha.

Halafu tulia, usiguse rangi ya ngozi bado. Amba peke yake na turpentaini kidogo, ile ya kuzimulia rangi, chora picha nzima kahawia tupu, mwanga na kivuli basi. Ipige kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, fanya hivyohivyo na ya Caravaggio uziweke pamoja, kama kivuli cha shingo kwako kimefifia kuliko chake rekebisha hapohapo. Amba inakauka haraka. Tabaka za juu ndo unaongeza mafuta ya kitani kidogo kidogo, ukianza na mafuta mengi chini, la juu litawahi kukauka na baadaye rangi itapasuka.

Sasa ngozi, na hapa kaa sana. Angalia bega lake halafu angalia mkono ulioshika glasi. Bega limepauka, mkono na mashavu vina wekundu, kwa sababu aliyekaa mbele ya mchoraji alikuwa kijana wa kawaida kapigwa jua pale nguo isipofika, hata kucha zina uchafu, na Caravaggio hakumtakatisha ndo awe mungu. Naipenda picha hii kwa hilo tu. Kwa hiyo ukichanganya rangi moja ya ngozi ukapaka mwili mzima umeshamkosa, tengeneza ya bega, ya uso na ya mkono mbalimbali, na kwenye kivuli anza na nyekundu na amba kabla hujagusa nyeusi.

Matunda yaache mwisho, lile komamanga lililopasuka na tofaa linalooza ni somo lingine kabisa.

Na tafadhali sana, matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukatupia kwenye kona, yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Madirisha wazi muda wote.

Ukimaliza andika nyuma ya kanvasi kwamba ni nakala, vanishi subiri kama miezi sita hivi, na wakati unasubiri chukua kipande kingine uchore ule mkono wenye glasi peke yake, kwa ukubwa wake halisi.