Wakala wa tiketi bado ana kazi?
Umeuliza kama kuna haja ya kwenda kwa wakala mjini na tiketi za ndege ziko kwenye simu. Kwa Nairobi–Mombasa, kwenda na kurudi, hapana. Kata mwenyewe kwenye tovuti ya shirika. Zamani wakala aliishi kwa kamisheni ya mashirika ya ndege. Ilipokatwa, wengi wakaanza kumtoza mteja ada ya huduma na kuegemea vikundi, Hija na safari za kampuni. Huko bado wanafaa, na pia kwenye safari ya kubadilisha ndege: ukijinunulia tiketi mbili mbalimbali na ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili imekula kwako.

Ila kwa wakala usitoke na ile namba ya herufi na tarakimu sita peke yake. Hiyo ni nafasi iliyoshikwa tu. Isipolipiwa kwa wakati hufutwa. Dai namba ya tiketi, tarakimu 13 (za Kenya Airways huanza na 706), kisha uihakikishe na shirika lenyewe. Jina lilingane na pasipoti. Ukitaka kurejeshewa pesa, kwa kawaida shirika litakurudisha kwa huyo huyo wakala, kwa hivyo tunza risiti yake.