Je, Skoto Ndiye Mchawi Wetu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Nasoma teolojia, niko mwaka wa pili. Nimekutana na maandishi ya kundi linaloitwa Othodoksia Radikali, nayo yameniteka. Wanasema hakuna akili isiyoegemea imani fulani, na kwamba maradhi ya dunia ya leo yalianza na Mfransisko wa zama za kati, Yohane Duns Skoto. Mwenzangu ananiambia hao ni Wakatoliki waliopungukiwa na Papa tu, nisome bila hofu. Mlezi wangu anasema ni usasaleo (postmodernism) uliovishwa kanzu. Nimsikilize nani?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Wote wawili wamegusa kitu, ila mwenzako amekaribia zaidi.

Kwanza jina, maana huwapotosha wengi. Halina uhusiano na Makanisa ya Kiothodoksi ya Mashariki. “Radikali” hapa linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzizi: wanataka kurudi kwa Agostino na Thoma wa Akwino. Wenye kundi, John Milbank, Catherine Pickstock na Graham Ward, ni Waanglikana waliokuwa Cambridge, na mkusanyo wao wa makala wa 1999 ndio uliolitangaza jina. Mbegu ilipandwa mapema, katika kitabu cha Milbank cha 1990, kinachofungua kwa dai kwamba hapo zamani hapakuwa na “usekula”. Anataka kusema kuwa dunia isiyo na Mungu si kitu kinachobaki ukishaondoa dini, kama sakafu inavyobaki ukishakunja mkeka. Ilitengenezwa, tena na wanateolojia.

Hapo ndipo usasaleo unapoingia. Wanafalsafa wake walisema kila anayefikiri amesimama mahali fulani na anasimulia hadithi fulani. Milbank anawakubalia, kisha anawageuzia kibao: kama yote ni hadithi, sosholojia imepata wapi kiti cha hakimu wa teolojia? Niliposoma hapo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kwa miaka mingi niliingia darasani kama mtu anayeomba radhi, nikianza na wanasosholojia, Maandiko Matakatifu yakisubiri mlangoni.

Sasa Skoto, ambaye ndiye kiini cha swali lako. Thoma alifundisha kuwa maneno yetu humhusu Mungu kwa analojia, yaani kwa maana inayohusiana, si ile ile. Mfano wake ni afya: twasema mtu ana afya, na dawa ni ya afya, lakini dawa haina afya kama mtu alivyo nayo, inaileta tu. Vivyo hivyo tukisema Mungu “yuko” na jiwe “liko”, kuwako kwa jiwe ni kwa kupewa. Skoto aliona tatizo. Mtu aweza kuwa na hakika kwamba Mungu yuko huku akiwa bado na shaka kama Mungu ana kikomo au hana. Basi lazima awe na wazo moja la “kuwako” linalotangulia yote mawili. Bila wazo la maana moja, alisema, hoja zetu juu ya Mungu zinakatika katikati.

Milbank na Pickstock wanaona msiba hapo: Mungu na jiwe wamewekwa chini ya paa moja, Mungu amekuwa kitu kikubwa kati ya vitu, na baada ya karne chache paa linabaki bila Mungu. Ni simulizi tamu. Mimi siliamini lote. Wasomi wa Skoto, Richard Cross mmojawapo, wamejibu kwamba yeye alikuwa akizungumzia mawazo yetu na jinsi maneno yanavyofanya kazi. Hakusema kwamba Mungu na kiumbe wanashiriki kitu kimoja. Wala Kanisa halikumtia lawama: Yohane Paulo II alimthibitisha kuwa Mwenyeheri mwaka 1993, naye Skoto ndiye aliyetetea kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili, karne tano na zaidi kabla ya Kanisa kulitamka hilo mwaka 1854. Papa Benedikto XVI mwenyewe alimnyoshea kidole katika hotuba yake huko Regensburg, Ujerumani, mwaka 2006 kwa kukuza mno utashi wa Mungu, kisha katika katekesi ya 2010 akamsifu, na lawama akawaelekezea zaidi waliomfuata. Anayetafuta mchawi mmoja wa karne saba atampata tu, hata kama hayupo.

Deni lao kwetu ni Mjesuiti Henri de Lubac, aliyeandika mwaka 1946 kwamba hamu ya kumwona Mungu imo ndani yetu tangu kuumbwa, na neema si ghorofa iliyojengwa juu ya nyumba iliyokwisha kukamilika. Alizuiwa kufundisha mwaka 1950. Mwaka 1983 akafanywa kardinali. Milbank anamfuata na kumpita, hata kusema hakuna akili inayosimama bila imani. Hapo ndipo mimi hushuka garini. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba akili kwa nuru yake ya asili yaweza kumjua Mungu kwa hakika. Na Gaudium et Spes, hati ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, namba 36, inakiri kwamba viumbe na jamii vina sheria zao halali. Tanbihi yake inaelekeza kwenye kitabu juu ya Galileo, mwanasayansi aliyehukumiwa na Kanisa. Ukimwambia mwanafizikia kwamba bila teolojia yuko gizani, umerudi kwenye kosa lile lile tulilolijutia.

Na ukiwauliza hilo Kanisa wanalolisifu ni lipi, liko wapi, nani anaamua humo, majibu yanakuwa ya kishairi.

Basi usiwaache, ila soma kwa mpangilio. Anza na Thoma, Summa, sehemu ya kwanza, swali la 13. Kisha Skoto mwenyewe, hata kurasa kumi. Ndipo umrudie Milbank, penseli mkononi, uniandikie alama zako za kuuliza zimeangukia wapi.