Njia yetu ya Jumamosi haimo kwenye mpango wa msitu

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi hapa Tukuyu. Mwaka wa 3 sasa, kila Jumamosi ambayo siko zamu, naamka alfajiri na wenzangu kama 14 tunakwenda kupanda msituni. Pikipiki tunaziacha kijiji cha chini kwa kijana mmoja, tunapita chemchemi wanapochota maji, tunapanda hadi kwenye jiwe kubwa ambapo kukiwa hakuna ukungu unaliona Ziwa Nyasa. Tukishuka tunakunywa chai kwa mama wa maandazi. Hatukati mti wala hatuwindi. Juzi mtendaji wa kijiji katuambia halmashauri inaandaa mpango mpya wa usimamizi wa msitu huo, na kwenye rasimu upande wetu wote umepakwa kijani, maana yake hakuna kuingia. Mkutano wa wananchi unakuja. Sisi ambao si wanakijiji tuna neno, au ndiyo basi?
Mpanda kilima, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, na ndaga fijo, asante sana, kwa barua.

Neno mnalo. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu, na haikusema mpaka awe mwanakijiji. Ila mkutano mkuu wa kijiji una wenyewe: wakazi wa pale waliotimiza miaka 18. Wewe wa mjini ukinyoosha mkono kupiga kura watakucheka, na wana haki ya kucheka. Kwa hiyo nenda kwa mwenyekiti kabla ya siku yenyewe, ukaombe dakika 10 za kusikilizwa kama mgeni. Msiende 14. Nendeni wawili, na zile suruali za mazoezi za kubana ziacheni nyumbani.

Halafu, wajumbe mnao tayari, hamjawaona tu. Kijana wa pikipiki. Mama wa maandazi. Mama yule akisimama akasema njia ikifungwa ndoo yake Jumamosi itarudi nyumbani nusu, utaona kalamu ya mtendaji inavyokwenda.

Nikupe na aibu yangu. Miaka ile ningali bwana misitu, nilitumwa kuandaa mpango wa msitu mmoja huku huku Nyanda za Juu, siutaji. Daftari langu nililipiga mistari nikapata safu 4: kuni, asali, dawa, malisho. Mtu akisema neno, nalitafutia safu yake. Mkutano nikauweka saa nane mchana, siku ya gulio, wakaja wazee na wenyeviti. Hakuna aliyetaja watu wanaoingia msituni kutembea, nami sikuuliza, kwa sababu safu hiyo sikuwa nayo. Kibao cha KUINGIA MARUFUKU nilikisimamisha kwa mikono yangu. Baada ya muda napita pale, namkuta mwalimu na watoto wamesimama mbele ya kibao, wana vidumu vya uji na mahindi ya kuchemsha. Kumbe kila mwisho wa muhula alikuwa anawapeleka kuona maporomoko ya mto. Hakunilaumu. Alinisalimu vizuri, akawageuza watoto, wakashuka. Mpango ulikuwa wa miaka 5. Ulipokuja kurekebishwa, waliopanda kuona maporomoko ni wadogo zao.

Ndiyo maana sitaki muende mkaseme mnaupenda msitu. Kila mtu anaupenda msitu mbele ya mkutano. Nendeni na njia yenyewe. Jumamosi hii mmoja awashe ramani ya simu tangu pale kwenye pikipiki hadi kwenye jiwe, iwachoree mstari, mkauchapishe. Kila mahali muandike jina wanalotumia wanakijiji, si hayo mliyoyatunga ninyi. Andikeni mnakuwa wangapi, miezi gani, saa ngapi mnaingia na saa ngapi mnatoka.

Rasimu usiisikie kwa mtendaji tu. Iombe kwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa ofisa misitu wa wilaya, na utaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Na uhakikishe kweli msitu ni wa halmashauri, maana nimeona watu wakipoteza miezi kwa kubisha mlango wa jirani. Mlima Rungwe wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hiyo nenda TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Ukishaipata, uliza pale pa kijani wanalinda nini. Usidhani aliyepaka rangi ni adui. Kipunji, kima ambaye wawindaji wa huku walikuwa wanamjua kwa jina, wanasayansi walikuja kumwona 2003, kwenye misitu hii hii ya Rungwe. Inawezekana kuna sababu ya namna hiyo. Inawezekana pia kuna mtu alikuwa na rangi ya kijani na hakuwa na mstari wa njia yenu, kama mimi na daftari langu.

Kipande kimoja mnaweza kukikosa, nakwambia mapema. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji, nanyi mnapita chemchemini. Kitoeni wenyewe kabla hamjaambiwa: onyesheni kwenye ramani mtakapozungukia. Halafu ombeni sentensi ambayo mtu anaweza kuiandika kwenye mpango: njia ya miguu, kutoka mahali fulani hadi kwenye jiwe, mchana tu, bila moto, watu wasiozidi 20 kwa safari. Wakitaja kiingilio msikunje uso, ulizeni tu kijiji kitapata kiasi gani. Na kama mna nguvu za kupanda kila Jumamosi, mnazo za kufyeka barabara za moto, ile mikanda mitupu ya kuzuia moto usivuke, mwezi wa saba kabla ya kiangazi kukolea. Hilo lisemeni mbele ya watu, kisha mlifanye.

Kabla mkutano haujafungwa, omba muhtasari usomwe kwa sauti. Kama njia yenu haikusikika humo, simama tena.

Umesema mkutano unakuja, hukusema lini. Mpigie mtendaji leo kabla hujaingia zamu, na kama wameuweka siku ya gulio, waombe wausogeze.