Spitfire moja, siku moja: ninavyochagua rangi, dekali na vipande vya nyongeza

Wanaoanza kuunda modeli za ndege za kivita huniuliza kwanza wanunue rangi gani. Nami huwauliza: unaunda ndege ipi? Wakinijibu "Spitfire", ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, naendelea kuuliza. Ya toleo gani, ya kikosi gani, ilivyokuwa mwezi gani? Mpaka hayo yajulikane, pesa ikae mfukoni. Rangi, dekali (alama zilizochapwa za kubandika kwa maji) na vipande vya nyongeza vyote vinategemea jibu hilo, na anayeanzia dukani hujikuta na chupa kumi ambazo tatu tu ndizo za ndege yake.

Nitatumia Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza, kama mfano, kwanza kwa sababu ndiyo ndege ninayoipenda kuliko zote, pili kwa sababu seti zake nzuri hazina uhaba. Kampuni ya Tamiya walitoa yao mpya ya skeli 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi) mwaka 2018, Eduard wakafuata na yao ya skeli hiyohiyo mwaka 2020, na Airfix wana ya 1/72 ambayo bei yake haimtishi anayeanza. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Kwa hiyo katika 1/72 utapata kitu cha sentimita 15.6, na katika 1/48 sentimita 23.4. Pima rafu yako kabla hujaagiza.

Sasa tuje kwenye siku. Tarehe 26 Mei 1940, Spitfire yenye namba N3200 ya Kikosi namba 19, ikirushwa na Geoffrey Stephenson, iliangushwa katika mapigano ya Dunkirk ikatua kwa tumbo kwenye ufuo wa Sangatte, Ufaransa. Stephenson alitekwa. Ndege ilimezwa na mchanga kwa miongo kadhaa, ikafukuliwa, ikajengwa upya, na mwaka 2014 ikaruka tena. Leo iko Duxford, Uingereza, uwanja uleule ambako Kikosi namba 19 kilipokea Spitfire za kwanza kabisa za jeshi la anga mwaka 1938. Ukitaka ndege iliyopigwa picha kila upande, huwezi kupata rahisi kuliko hiyo.

Upande wa juu wa N3200 ni wa kawaida: mabaka ya kahawia, ile Dark Earth, na ya kijani, Dark Green. Chini ndipo penye mambo. Wakati huo Spitfire zilikuwa na bawa la kushoto jeusi na la kulia jeupe, ili askari wa ardhini wakiinua macho wajue ni ndege yao. Mwezi uliofuata, Juni 1940, amri ilibadilika: upande wote wa chini upakwe rangi iitwayo Sky, kijani kilichopauka sana. Kwa hiyo Spitfire ya Mei na Spitfire ya Septemba, zote Mk I, zote kutoka kiwanda kimoja, zinakutaka ununue rangi tofauti. Halafu tarehe 27 Novemba 1940 ikaja amri nyingine: mkanda wa Sky kuzunguka mwili karibu na mkia, kofia ya propela nayo Sky, na bawa la kushoto likarudi kuwa jeusi chini. Ukiona modeli iliyoandikwa "Agosti 1940" ikiwa na mkanda huo mkiani, aliyeiunda alichanganya miezi.

Ndiyo maana nasema uchague siku moja. Tafuta picha ya ndege hiyo, au angalau ya ndege nyingine ya kikosi hicho ya miezi hiyo, uiweke mbele yako, na kila swali uliulize kwa picha badala ya kuliuliza kwa boksi. Mabaka ya juu pia yalikuwa na michoro miwili, A na B, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine kama unavyouona kwenye kioo, na ndege zilitoka kiwandani zikipishana. Mchoro wa maelekezo ya seti yako unaweza kuwa sahihi kwa namba moja ya ndege na usifae kwa namba nyingine iliyomo kwenye karatasi ileile ya dekali.

Nije kwenye chupa. Kwa rangi za mafuta za Humbrol, namba ninazozitegemea ni 29 kwa Dark Earth, 30 kwa Dark Green, 90 kwa Sky, na 78 kwa kijani-kijivu cha ndani ya chumba cha rubani. Kwa Tamiya za akriliki, XF-81 imetengenezwa makusudi kwa kijani cha ndege za Uingereza, XF-21 ni Sky, na kwa kahawia watu wengi huanzia XF-52. Usitafute chupa inayolingana kabisa na Sky ya mwaka 1940. Katika kiangazi kile rangi hiyo ilikuwa haba, vikosi vikachanganya zao kwa walichokuwa nacho, na ndege zikaruka na chini ya kijani, ya samawati na ya kijivu. Hapo una uhuru. Usipokuwa nao ni kwenye kahawia na kijani cha juu, ambavyo vilitoka kiwandani kwa viwango vilivyowekwa.

Huwa napausha rangi za juu kidogo. Rangi ile iliyo sahihi kwenye ndege ya mita tisa huonekana nzito mno kwenye kitu unachokishika mkononi, hasa katika 1/72. Situmii nyeupe tupu, maana huifanya kahawia iwe baridi na kijani kiwe kama chaki. Naongeza matone machache ya rangi ya mchanga.

Sisi tunaoishi pwani tuna swali jingine la kujiuliza kabla ya kuchagua aina ya rangi. Laka hukauka haraka na kushika vizuri sana, lakini ukiipuliza hewa ikiwa na unyevu mwingi, hasa vanishi ya kung'aa, hufanya ukungu mweupe juu. Mimi hupuliza mchana jua likiwa limepanda, kamwe si usiku wala baada ya mvua. Akriliki nazo zina tatizo la kinyume: kwenye joto hukaukia kwenye ncha ya mashine ya kupulizia, kwa hiyo ongeza kidogo dawa ya kuchelewesha kukauka. Kwa anayetumia brashi ya mkono, rangi za mafuta bado ndizo zinazojinyoosha vizuri kuliko zote, ila vaa barakoa na ufungue madirisha, maana tina yake ni sumu mapafuni.

Na fikiria zitakufikiaje. Laka na rangi za mafuta ni vitu vinavyowaka moto. Hata akriliki za Tamiya zina alkoholi ndani. Mashirika ya ndege hayaruhusu rangi za namna hiyo kwenye mizigo ya abiria, kwa hiyo usimtwishe ndugu yako anayerudi kutoka Ulaya jambo litakalomfungulisha begi uwanjani. Akriliki za maji kama Vallejo hazina tatizo hilo la moto, na hilo pekee linatosha kumfanya mtu wa huku azichague. Tina ya akriliki za Tamiya unaweza kuibadilisha na spiriti safi ya aisopropili. Jaribu kwanza pembeni.

Kuhusu mipaka ya mabaka, piga hesabu. Ukipuliza kwa mkono huru ukapata ukungu wa milimita tatu kati ya kahawia na kijani, katika 1/48 hiyo ni zaidi ya sentimita 14 kwenye ndege halisi. Angalia picha za Spitfire za mwaka 1940: mpaka ni mkali. Brashi ya mkono yenye ncha nzuri, au karatasi iliyokatwa na kuinuliwa kidogo juu ya plastiki, hukaribia ukweli kuliko mashine ya bei kubwa isiyodhibitiwa.

Dekali ndizo ninazozikagua kwa ukali zaidi, kwa sababu macho ya mtazamaji hutua hapo kwanza. Shika karatasi kwenye mwanga. Katika alama ya jeshi la anga la Uingereza, duara jekundu liko katikati ya jeupe, au limesogea? Nyeupe ni nzito, au kijani kitaonekana kupitia kwake? Utando unaobeba alama umekatwa karibu na rangi, au umeachwa mpana? Zinazochapwa na Cartograf wa Italia huwa nazinunua bila wasiwasi. Kisha soma historia tena: mwanzoni mwa Mei 1940 iliamriwa duara la ubavuni liongezewe pete ya njano na mkia uwekwe mistari ya nyekundu, nyeupe na samawati. Amri hutolewa siku moja, lakini mafundi wa vikosini waliitekeleza kila mmoja kwa nafasi yake, na mwezi ule ndege zilionekana na pete za upana tofauti. Juu ya mabawa duara ni la rangi mbili tu, nyekundu na samawati. Herufi za kikosi ni kijivu, ile Medium Sea Grey. Karatasi inayokupa herufi nyeupe kwa Spitfire ya wakati huo, irudishe.

Unyevu huharibu dekali kimyakimya. Zitoe kwenye boksi siku unayolifungua, uzitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na kile kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya boksi la viatu. Kama utando umegeuka manjano, ubandike mfuko ukiwa umefungwa kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, na siku chache baadaye manjano itafifia. Karatasi ya zamani ijaribu kwa alama usiyoihitaji: ikivunjika ndani ya maji, nyingine zipake kwanza Liquid Decal Film ya Microscale, dawa ya kuzipa utando mpya. Na usibandike juu ya rangi isiyong'aa. Pakaa vanishi ya kung'aa kwanza, kisha dawa za kushikisha na kulainisha dekali, Micro Set chini yake na Micro Sol juu yake, ukiiacha bila kuigusa hata ikijikunja. Itanyooka.

Vipande vya nyongeza ndivyo vinavyomaliza fedha za watu bila sababu. Nina kanuni ya kuangalia ni wapi jicho litafika kioo kikishafungwa. Katika Spitfire jicho linafika kwenye kiti, mikanda na usukani wenye kichwa cha mviringo. Basi nunua mikanda kwanza, ya bati lililochorwa kwa tindikali au ya kitambaa chembamba, na hakikisha ni ya aina ya Sutton, yenye matundu mengi. Kwa fedha inayobaki, chukua tepu zilizokwisha katwa za kufunikia kioo, kwa sababu fremu za kioo zilizopakwa vibaya huua modeli yote. Tatu, mabomba ya moshi ya rezini yenye matundu halisi. Hapo mimi huishia.

Mitutu ya bunduki ya chuma, iliyo mizuri ajabu kwenye ndege nyingine, haina kazi hapa. Browning nane za Mk I zilikaa ndani ya bawa, na matundu yake yalizibwa kwa viraka vya kitambaa chekundu mpaka zilipofyatuliwa. Kipande kidogo cha dekali nyekundu kinatosha. Injini ya Merlin ya rezini ni kazi ya sanaa, nakubali, lakini ukiifunga ndani ya mwili umezika bei ya seti nzima. Inunue ukiwa umeamua kuacha vifuniko wazi.

Kabla ya kuongeza uchakavu, rudi kwenye siku yako. N3200 ilipokelewa kikosini Aprili 1940 na ikaanguka mwezi uliofuata. Ilikuwa bado mpya. Inahitaji moshi kidogo nyuma ya mabomba, na mikwaruzo ya rangi ya fedha kwenye mzizi wa bawa la kushoto, ambako rubani alikanyaga akielekea kwenye mlango wake. Lakini usiweke rangi ya fedha kwenye usukani wa mkia wala kwenye vibawa vidogo vya kugeuzia vya ncha za mabawa. Kwenye Mk I hivyo vilivikwa kitambaa, na kitambaa kikichubuka hakuna chuma cha kuonekana chini yake.