Boksi la sabuni kabla ya lenzi

SWALI: Mzee, salamu kutoka Jinja. Mjomba wangu aliyekuwa na studio ameniachia kamera ya mbao yenye mvukuto, ile inayotumia filamu bapa za inchi 4 kwa 5. Holda za kuwekea filamu ninazo tatu na mvukuto hauna tundu, ila lenzi hakuna. Nataka kupiga maduka ya zamani ya Wahindi pale Main Street, na wazee wanaokaa barazani. Jamaa wa Kampala ana lenzi mbili: Schneider Angulon ya milimita 90, f/6.8, na Symmar-S ya 210, f/5.6. Ya 90 ni nyepesi na bei yake nafuu. Rafiki zangu wanasema majengo yanataka lenzi pana. Anataka jibu wiki hii. Nichukue ipi? (Mpwa wa Studio, Jinja)

JIBU: Mpwa, huyo jamaa mwache asubiri kidogo. Wewe tafuta boksi la sabuni.

Kata dirisha la milimita 95 kwa 120 kwenye ubavu wa boksi. Hiyo ndiyo sehemu ya filamu yako inayoingia picha. Funga uzi pembeni mwa dirisha, kisha piga mafundo matatu: kwenye milimita 90, 150 na 210. Fundo liweke chini ya jicho, nyoosha uzi, fumba jicho la pili, chungulia. Unachokiona dirishani ndicho filamu itakachokiona kwa lenzi ya urefu huo (urefu wa lenzi ni zile milimita za jina lake, siyo ukubwa wa umbo lake). Watu watakucheka, hasa vijana wa boda boda. Mimi walinicheka pia.

Fanya hivyo ukiwa umesimama mkabala na duka lenyewe, mahali utakapotega stendi kweli. Hesabu yake ni nyepesi: upana wa duka mara urefu wa lenzi, gawa kwa 120. Duka la mita 12, ukitaka lijae filamu iliyolala, lenzi ya 210 inakutaka urudi nyuma mita 21, ya 150 mita 15, ya 90 mita 9. Sasa hesabu hatua zako uone kama kwa mita 21 bado uko barabarani au umeshaingia sebuleni mwa mtu.

Rafiki zako wanaongea kwa mazoea ya kamera ndogo, zile za filamu ya milimita 35. Gawa milimita za lenzi kwa tatu na nusu utawaelewa: 90 yako kwao ni kama 26, 150 ni kama 43, 210 ni 60.

Lakini upana siyo sababu yangu ya kuikataa hiyo Angulon. Sababu yangu ni duara. Kila lenzi inamwaga picha ya mviringo nyuma yake, na filamu yako inakaa ndani ya mviringo huo. Kutoka kona hadi kona filamu ina milimita 153. Angulon ya 90, hata ukilibana tundu lake la mwanga hadi f/16, duara lake ni 154 tu. Maana yake inatosha ukiwa hujasogeza chochote. Na kamera ya namna hii tunaibeba kwa sababu ya kusogeza: duka refu halipigwi kwa kuinua kamera juu, kuta zikaanguka kinyumenyume, kamera inakaa wima na kibao cha mbele, chenye lenzi, ndicho kinachopandishwa.

Haya niliyalipia. Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa ya 135, imeng'olewa kwenye kamera kuukuu ya waandishi wa habari. Nikapanda nayo kilima cha Kibuli kupiga msikiti. Mnara ulikatwa kichwa, nikapandisha kibao mpaka ukaingia wote, nikafurahi chini ya shuka langu jeusi kama mtoto. Filamu nne. Zote zilitoka na kona mbili za angani nyeusi, zimezunguka kama ukucha uliokatwa. Nikailaumu dawa, nikailaumu holda. Mzee mmoja wa studio alikuja akaniambia nichungulie kupitia zile kona zilizokatwa za kioo cha nyuma, kile tunachotazamia picha kabla ya kuweka holda, lenzi ikiwa imefungwa hadi f/22. Kwenye kona salama unaliona tundu la mwanga zima, la mviringo. Kwenye kona zangu za matatizo niliona kitu chembamba kama jicho la paka, kisha hakuna kitu.

Symmar-S ya 210 haitakufanyia hivyo; duara lake linakaribia milimita 294, mvukuto wako ndio utakaoshindwa kwanza. Kwa wazee wa barazani ni nzuri mno, maana unakaa mbali nao kidogo na pua hazivimbi. Kwa hiyo kati ya hizo mbili, 210. Ila kama ungekuwa huna haraka, ningekuambia usubiri ya 150, f/5.6, ya Schneider, Rodenstock, Nikon au Fuji, yoyote. Mimi katika hizo sibagui. Symmar-S ya 150 ina duara la 210, na filamu ikiwa imesimama unapandisha kibao karibu milimita 33. Kwa maduka ya ghorofa moja hiyo inatosha na chenji inabaki.

Kabla ya kulipa, sikiliza shata, yaani kile kifaa cha lenzi kinachofungua na kufunga mwanga. Filamu ya ISO 100 (ndiyo kasi yake ya kupokea mwanga), f/22, kivulini barazani, utakuwa kwenye robo sekunde, nusu, sekunde nzima. Hizo spidi za polepole ndizo chakula chako cha kila siku, na ndizo zinazoharibika kwanza. Weka sekunde moja, fyatua mara tano huku simu inarekodi. Ikivuta sekunde mbili, au ikikwama katikati na kumalizia kwa kikohozi, punguza bei au ondoka. Kisha washa tochi nyuma ya lenzi, uitazame kwa mshazari. Nyuzi kama mizizi ya nywele ni kuvu, na hapo kwenu kando ya ziwa kuvu haina likizo. Ukishainunua usiilaze kwenye mfuko wa ngozi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkali na vipakiti vya kunyonya unyevu vinatosha.

Kibao cha lenzi usiagize nje. Pima tundu kwa saizi ya shata yako: shata ya Copal 1 inataka milimita 41.6, Copal 0 inataka 34.6. Fundi wa Katwe atakukatia kwenye bati la alumini. Wewe upake rangi nyeusi isiyong'aa.

SWALI: Nimepata lenzi ya shaba ya kale, haina shata. Ni ya kutupa? (Msomaji, Arua)

JIBU: Usitupe. Weka karatasi ya kuchapia picha kwenye holda badala ya filamu. Kasi yake ni ndogo sana, kama ISO 6, hivyo kwa f/32 kivulini unahitaji sekunde tano hivi, na shata yako ni kofia: vua, hesabu, rudisha. Karatasi haioni nyekundu, kwa hiyo unaipakia chini ya taa nyekundu, lakini nyuso zetu zitatoka nyeusi kuliko zilivyo. Mwambie anayepigwa mapema.