Kuchagua piano ya huzuni kwa filamu fupi

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: una vipande vitatu vya piano ya huzuni, vyote vinakutoa machozi ukivisikiliza kimoja kimoja, na hujui kipi kinafaa katika onyesho la mama anayekunja nguo za marehemu mwanawe.

Kwanza, litazame onyesho hilo bila muziki wowote. Ikiwa mikono ile inayolainisha kola ya shati imekwisha kusema, muziki unaotangulia kulia utamnyima mtazamaji nafasi ya kulia mwenyewe. Binafsi ningeuanzisha baada ya kabati kufungwa. Kisha weka kila kipande chini ya mazungumzo kwa sauti ndogo, ukikumbuka kwamba noti za katikati ya piano hukaa palepale inapokaa sauti ya binadamu, hivyo kipande chenye noti chache za juu, zinazoachwa zififie zenyewe, mara nyingi hushinda kile kilichojaa mapambo. Sikiliza pia kwa spika ya simu, maana besi hupotea humo.

Jihadhari na hakimiliki. Kwa mfano, mtunzi Mfaransa Erik Satie alifariki mwaka 1925, kwa hiyo tungo zake za piano ziitwazo Gymnopédies ni huru kutumika katika nchi nyingi, lakini rekodi ya mpiga piano wa leo ina mwenyewe. Niliwahi kulipuuza hilo, na filamu yangu ikaondolewa sauti siku mbili baada ya kuipandisha mtandaoni. Ukitaka kuiuza filamu yako kwa kituo cha televisheni, mwanasheria wa hakimiliki ausome mkataba kabla hujatia saini.