Umepakua, lakini je, umesakinisha?

Msomaji anayefundisha kompyuta Mafinga, mkoani Iringa, anauliza: "Kituo chetu kimepata kompyuta zenye mfumo wa Ubuntu, nasi tumezoea Windows. Nikiwaambia wanafunzi 'fungeni programu mliyopakua', wengine wanaizima. Nikisema 'iwekeni', wanahamishia faili kwenye folda nyingine. Mwenzangu anapendekeza 'simikeni'. Tushike lipi? Na kinyume chake ni kipi?"

Shikeni sakinisha, Mwalimu, na wanafunzi wako msiwalaumu. Kufunga ni neno halali la mafundi wetu: fundi hufunga dishi, hufunga pampu, hufunga umeme jua. Ila kwenye kompyuta funga imeshapewa kazi nyingine, kinyume cha fungua, kwa hiyo anayeambiwa afunge programu anaifunga kweli. Weka nalo ni pana mno. Hata kuburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine ni kuweka.

Simika ni neno zuri, lakini lina mazoea yake. Husimikwa nguzo, mnara wa simu, mitambo ya umeme. Askofu naye husimikwa. Mimi ningeliachia vitu vinavyosimama vikaonekana.

Sakinisha ni kauli ya kutendesha ya sakini, yaani kukaa mahali, na ni ndugu wa maskani. Maana hiyo inaafikiana kabisa na kinachotokea ndani ya mashine: mfumo hugawa mafaili ya programu na kuyapeleka panapostahili, huisajili kwenye orodha yake, na aghalabu huleta programu nyingine ambazo hiyo mpya inazitegemea. Kupakua hakufanyi lolote kati ya hayo. Mbao zilizopakuliwa kutoka kwenye lori zimefika kiwanjani tu, nyumba bado. Vivyo hivyo, faili lenye mwisho wa .deb, yaani furushi la programu ya Ubuntu, likishapakuliwa hulala kwenye folda mpaka itolewe amri, kwa mfano sudo apt install ./jina-la-faili.deb. Hapo mfumo huuliza nenosiri. (Waonye mapema: wanapoliandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, katika matoleo mengi ya Ubuntu haionekani hata nukta moja. Asiyejua hudhani kibodi imekufa.)

Faida nyingine ya kitenzi hiki ni kwamba kinanyumbulika bila shida. Programu haijasakinishwa maana yake kazi haijafanyika bado. Programu haisakinishiki maana yake hata ukijaribu haikubali. Wanafunzi wenu waliozoea Windows watakutana na hiyo ya pili watakapopakua faili la .exe na kulibofya kwenye Ubuntu, kwa kuwa faili hilo limetengenezewa mfumo mwingine na bila programu ya kusaidia kama Wine halitaendeshwa. Ukisikia kijana anasema "haijasakinishwa" pale anapopaswa kusema "haisakinishiki", msahihishe, maana atakaa akirudia kubofya jambo lisilowezekana.

Na anayeomba msaada aseme "nisakinishie programu hii", kwa kauli ya kutendea. "Nisakinishe" ni kuomba kupewa makazi yeye mwenyewe!

Kuhusu kinyume, kwenye simu na kompyuta zenye menyu ya Kiswahili mtaona sanidua. Kimeundwa kwa kauli ya kutendua kutoka sanidi, kama kunja inavyozaa kunjua. Sina ugomvi na umbo lake, lakini kwa darasa la Ubuntu ningechagua ondoa. Kusanidi kunatumika kwa kupanga mipangilio, na amri ya apt remove huondoa programu huku mafaili ya mipangilio ya mfumo yakibaki. Ukiita kitendo hicho kusanidua, utakuwa umetaja hasa kile ambacho hakikuguswa. Anayetaka mipangilio hiyo nayo itoke atumie apt purge, na hapo sanidua ingepata haki yake.